Pikipiki Haijachoka, Haijapimwa

Vijana wenzetu, na ninyi kaka na dada wa mashirika mnaopita hapa kusoma: leo hatuandiki juu ya mgao wala foleni ya mahojiano. Tunaandika juu ya pikipiki inayokataa kuwaka asubuhi. Msipite haraka. Ndani ya jambo hili dogo kuna pesa yetu nyingi inapotea, na kuna uongo mmoja tumeuzoea mpaka tunauita ufundi.

Nenda steji yoyote ya boda hapa Nakivale, iwe Base Camp, Juru ama Rubondo, saa kumi na mbili asubuhi, hasa siku zile baridi ya alfajiri inauma. Utasikia kiki zinapigwa. Moja, tano, kumi na tano. Injini inashika, inakohoa, inazima. Inashika tena, inamisi, ukiachia resi inakufa. Kijana anatoka jasho kwenye baridi. Mwishowe wenzake wanamsukuma, inawaka kwa nguvu ya miguu ya watu, na baada ya dakika tano inatembea kama hakuna kilichotokea. Ndipo anakuja mjuzi wa steji, mikono mfukoni, anaiangalia kwa mbali na kutoa hukumu: "Hii moto imechoka. Utafute kabureta mpya tu."

Sisi tunasema hapana. Chuma hakichoki kama mtu aliyelima kutwa. Pikipiki ikikataa kuwaka kuna kitu kimoja ama viwili inavyokosa, na hivyo vitu vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. "Imechoka" ni neno la mtu ambaye hakupima. Na tunaenda mbali zaidi: mafunzo mengi ya ufundi tunayopewa sisi vijana wakimbizi yanazalisha watu wa kusema "imechoka". Yanatufundisha kubadilisha vyuma, hayatufundishi kujua chuma gani kina kosa.

Kwa nini tunapiga kelele? Kwa sababu asubuhi ndiyo saa ya pesa. Mama anayewahi kituo cha afya, muuza nyanya anayewahi soko, mwalimu anayewahi kengele, wote wanaondoka kati ya saa kumi na mbili na saa mbili. Ukiwasha saa mbili na nusu, umebaki na wateja wa jua kali. Na wengi wetu pikipiki si zetu. Ni za tajiri, na hesabu ya tajiri haiulizi ulianza saa ngapi. Tena tajiri akisikia kabureta imekufa, anasema wewe ndiye uliyeiua, na bei yake inakatwa kwako.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Tunaishukuru, maana tuna ndugu katika nchi nyingine ambao hawana hata hiyo. Halafu mwaka 2023 Mpango wa Chakula Duniani ukatugawa makundi matatu kulingana na hali ya kila nyumba, na kundi la tatu likatolewa kwenye mgao kabisa. Neno tuliloambiwa ni kujitegemea. Sawa, tumelisikia. Basi tuulizane kwa uzito: kujitegemea kunaonekanaje saa kumi na mbili asubuhi? Kwa kijana wa boda, kunaonekana kama pikipiki inayowaka.

Sasa tuingie kwenye chuma chenyewe, maana hoja yetu iko humo.

Petroli haiungui ikiwa majimaji. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikishapata joto, petroli inayotoka kwenye kabureta inageuka mvuke upesi. Injini ikiwa baridi, sehemu ya petroli inabaki matone, inashikamana na kuta za njia ya kuingilia, na haifiki kwenye cheche ikiwa tayari kuungua. Kwa hiyo asubuhi injini inadai petroli zaidi ya kawaida, ili ule mvuke kidogo utoshe. Kazi ya choki ni hiyo: kuongeza petroli ama kubana hewa, kulingana na aina ya kabureta, mpaka injini ipate joto.

Ukielewa hapo umeelewa nusu ya ugonjwa. Injini yenye joto inasamehe. Cheche dhaifu, tundu la petroli lililoziba nusu, hewa inayovuja, valvu isiyofunga sawasawa: mchana joto linazificha zote. Asubuhi zinajionyesha. Pikipiki inayosumbua asubuhi inakuambia ugonjwa wake ungali mdogo, wakati dawa bado ni rahisi. Anayeisukuma mpaka iwake na kuondoka amefuta ushahidi. Kesho atausikia tena, umekua kidogo.

Upimaji wake una maswali manne. Tunayaweka kwa mpangilio, kuanzia lile lisilo na gharama mpaka lenye gharama. Mpangilio huo ndio ufundi wenyewe.

Kwanza, petroli. Tunanunua wapi? Wengi wetu tunanunua kwa chupa kando ya barabara. Hatumlaumu mama wa chupa, naye anatafuta kama sisi. Lakini jerikeni iliyoachwa wazi wakati wa mvua inaingia maji, na maji ni mazito kuliko petroli. Ukiendesha yanatikiswa, yanapita kidogo kidogo. Pikipiki ikilala usiku kucha, yanatulia chini ya tangi na chini ya bakuli la kabureta, mahali petroli inapovutwa. Asubuhi injini inakunywa maji. Kipimo chake ni bure: funga koki ya petroli, legeza ile skrubu ya chini ya bakuli, kinga kinachotoka kwa chupa inayoonekana ndani, subiri dakika chache. Kama kuna maji utaona mstari: petroli juu, maji chini. Fanya hivyo injini ikiwa baridi, mbali na sigara na jiko.

Kuna na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi kama petroli, na kwenye baridi yanageuka kwa shida zaidi. Ndiyo maana pikipiki iliyonyweshwa mchanganyiko huo inaweza kwenda mchana, kwa moshi na kwa kulalamika, lakini asubuhi inakupa malengelenge ya mguu. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na tone la petroli unayoiamini pembeni yake. Petroli safi itakauka na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Ikibaki alama ya mafuta, umejua. Hapo kabureta mpya itakusaidia nini? Utaijaza mafuta yaleyale ya taa.

Pili, choki na njia ya petroli. Swali la kwanza hapa linawaudhi watu: choki yako inafanya kazi? Pikipiki nyingi za steji waya wa choki ulikatika zamani, ama wenzo unasogea lakini ndani hakuna kinachosogea kwa sababu ya kutu. Mwenyewe anasema, "Hii haitumiagi choki." Inatumia. Imenyimwa.

Na ikiwepo, wengi tunaitumia vibaya. Tunavuta choki, halafu tunafungua resi yote na kupiga kiki kwa hasira. Kwenye kabureta zenye njia ya pekee ya choki, petroli ya choki inafyonzwa na nguvu ya injini pale resi ikiwa imefungwa. Ukifungua resi, mfyonzo ule unapungua na petroli ya choki haiji. Vuta choki yote, acha resi imefungwa, piga kiki. Ikishika, iache inywe, kisha rudisha choki polepole.

Sasa isikilize, maana hapa ndipo ugonjwa unasema jina lake. Kama inatulia choki ikiwa imevutwa, na ukirudisha inakufa hata baada ya dakika kadhaa, inakosa petroli ama inapata hewa ya wizi. Tundu dogo linalolisha injini wakati hujavuta resi, mafundi wanaliita jeti ya slo, ni jembamba sana, na petroli iliyokaa muda mrefu inaacha utomvu unaoliziba. Litoe, lielekeze kwenye mwanga: uone nukta ya duara, safi. Kama huioni, safisha kwa dawa ya kabureta na upepo. Usichome kwa waya wa chuma, utalipanua na kuongeza tatizo la pili. Kama ni lazima kuchoma, tumia uzi mmoja wa shaba laini kutoka kwenye waya wa umeme. Ile hewa ya wizi inaingilia mara nyingi kwenye mpira unaounganisha kabureta na hedi. Jua linaupasua, bolti zinalegea. Injini ikiwa inanguruma polepole, paka maji ya sabuni pale kwenye maungio. Sauti ikibadilika, hewa inaingia hapo. Usitumie petroli kupima hivyo, usije ukaungua bure.

Lakini kama choki ndiyo inaiharibu zaidi, moshi ni mweusi, plagi ikitoka imelowa na kunuka petroli, basi ugonjwa ni kinyume: petroli imezidi. Labda choki imekwama na hairudi. Labda boya la kwenye bakuli liko juu mno ama sindano yake imelika. Labda chujio la hewa limejaa vumbi letu jekundu na injini haipumui.

Magonjwa haya mawili, petroli haba na petroli nyingi, ukisikia kwa mbali yanafanana. Yote yanakohoa, yote yanazima. Dawa zake ni kinyume. Ndiyo maana tunasema yule anayefika na bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu za kabureta kabla ya kujua ni lipi, anampa mwenye kuharisha dawa ya kuharisha. Akibahatisha anaitwa fundi. Asipobahatisha, pikipiki "imechoka".

Tatu, cheche. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanasema buji, wengine plagi: ni kitu kimoja. Itoe uisome. Kahawia kama chai ya maziwa ni afya. Nyeusi na mbichi ni petroli iliyozidi. Nyeupe kabisa ni petroli haba. Nafasi ya kuruka cheche kwenye pikipiki nyingi za aina yetu ni kati ya 0.6 na 0.8 mm, cheche ikila chuma, nafasi inapanuka, na asubuhi nguvu haitoshi kuiruka. Irudishe kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake lenye mvuke wa petroli, mwenzako apige kiki, mkiwa kivulini. Mnataka cheche ya bluu yenye nguvu. Lakini msidanganywe: plagi mbovu inaweza kuonyesha cheche hewani ikashindwa ndani ya silinda, kwa sababu hewa iliyobanwa inadai nguvu kubwa zaidi. Kwa hiyo kipimo kizuri ni kuazima plagi inayojulikana ni nzima, ya aina ileile, kutoka kwa mwenzako wa steji, ujaribu asubuhi moja. Kuazima hakuna gharama. Na uitazame kofia ya plagi kama imepasuka: umande wa usiku ukiingia hapo, cheche inatorokea njiani.

Nne, kompresheni. Ukipiga kiki na mguu unashuka mwepesi kama kwenye baiskeli iliyokatika mnyororo, hewa haibanwi. Toa plagi, weka kijiko kidogo cha oili ndani ya silinda, piga kiki mara chache, rudisha plagi, jaribu tena. Kiki ikiwa nzito kuliko mwanzo, oili imeziba kwa muda mahali ringi zilipoacha wazi: ringi ama silinda zimelika. Isipobadilika, angalia valvu. Mara nyingi ni tapeti tu. Valvu ikilika inapanda kwenye kiti chake, nafasi ya tapeti inaisha, valvu haifungi kabisa, na nguvu inavuja. Nafasi yenyewe ni ndogo mno, kwa pikipiki nyingi za aina hii ni chini ya 0.15 mm, na kila aina ina namba yake kwenye kitabu. Inapimwa kwa fila geji, vile vibati vyembamba vyenye namba. Na sikilizeni vizuri neno hili: inapimwa injini ikiwa baridi.

Hapo ndipo tunageukia darasa.

Baadhi yetu tumepita kwenye mafunzo haya. Hatutaji shirika, maana shida si ya shirika moja. Darasa linaanza saa tatu, wakati mwingine saa nne, baada ya kusaini karatasi ya mahudhurio na kupigwa picha. Pikipiki ya mazoezi imeletwa na mtu aliyeiendesha kutoka kwao. Injini inachoma mkono. Mwalimu anaifungua, anataja majina ya vyuma, tunaandika. Kabureta inatolewa, inaoshwa, inarudishwa. Mwalimu anapiga kiki mara moja, inawaka, tunapiga makofi.

Jamani, ilikuwa inawaka hata kabla ya kuifungua. Tumejifunza nini? Tumejifunza kumfungua mtu mzima na kumshona. Mgonjwa hatujamwona. Ugonjwa wa asubuhi haupo saa nne. Tapeti haipimwi kwenye injini inayochoma. Miezi mitatu inapita, wanafunzi wanapewa cheti, na hawajawahi hata siku moja kusimama mbele ya pikipiki inayokataa kuwaka na kuulizwa, "Kwa nini?"

Kisha linakuja sanduku la vifaa. Kuna spana, bisibisi, koleo, na ovaroli yenye nembo mgongoni. Fila geji hamna. Plagi nzima ya kupimia hamna. Ina maana tumepewa kila kitu cha kufungua na hakuna kitu cha kupima. Mtu ukimpa spana peke yake, atafungua. Ndiyo kazi ya spana. Tusishangae akifungua kisichokuwa na kosa.

Matokeo yake yako steji. Kijana mwenye cheti anaitwa, anafika na kusema badilisha kabureta, kwa sababu hilo ndilo analoweza. Kabureta mpya ya sokoni mara nyingi si ya asili, jeti zake hazikuchaguliwa kwa injini hiyo. Na ubaya zaidi ni pale inapofaulu. Akiifunga, amemwaga maji ya kwenye bakuli bila kujua, ama amekaza mpira uliokuwa umelegea. Pikipiki inawaka. Mwenye pikipiki amelipa kabureta nzima kwa kazi ya bolti moja, na fundi anaondoka akiamini alijua. Ile kabureta ya zamani, ambayo haikuwa na kosa, inabaki kwake. Akiisafisha, atauziwa mwingine ambaye pikipiki yake "imechoka".

Tunajua mtatujibu nini. Tumeyasikia majibu hayo kwenye mikutano.

Mtasema muda hautoshi, miezi mitatu ni michache kwa upimaji. Sisi tunaona upimaji ndio unaookoa muda. Majina ya vyuma mtu anajifunza kwenye simu, kwa picha, usiku mmoja. Kusikia tofauti ya petroli haba na petroli nyingi hakuji kwenye simu. Kunataka sikio, plagi mkononi, na mtu wa kukusahihisha.

Mtasema vifaa ni ghali. Rudieni maswali manne hapo juu mhesabu: chupa ya plastiki, karatasi nyeupe, maji ya sabuni, uzi wa shaba, plagi ya kuazima, kijiko cha oili, fila geji. Wekeni vyote pamoja na mlinganishe na bei ya ovaroli zenye nembo za darasa zima.

Mtasema pikipiki za kabureta zinaisha, sasa kuna za mfumo wa kuingiza petroli kwa kompyuta, na za umeme zinakuja. Ni kweli, zinakuja. Lakini zilizopo steji leo ni za kabureta, tena zilizokwisha kupita mikono mitatu. Mpya zinaanzia mjini, sisi tunapata za mwisho. Halafu kanuni haibadiliki: anza na kisicho na gharama, tenganisha jambo moja kwa wakati, usibadilishe chuma kabla hujakihukumu kwa ushahidi. Aliyejifunza hivyo kwenye kabureta atajifunza na hizo. Aliyejifunza kubadilisha tu, siku kabureta zikiisha na yeye ameisha.

Kuna jibu moja hamlisemi, lakini tunaliona. Ripoti inahesabu waliofunzwa, vyeti vilivyotolewa, masanduku yaliyogawiwa. Hakuna safu ya kuandika pikipiki ngapi zilikuwa haziwaki na sasa zinawaka. Tunawaelewa, na ninyi mna wakubwa wanaowadai namba. Lakini tunawaomba muwapelekee swali letu: fundi anahesabiwaje kabla hajatengeneza kitu kilichoharibika?

Na sisi vijana tusijifiche nyuma ya mashirika. Nani anamlipa fundi wa kubahatisha? Ni sisi. Tunampenda kwa sababu anajibu haraka, kwa sauti, na mikono mfukoni. Anayesema "ngoja kwanza nipime" tunamwona hajui kazi. Tumeweka heshima mahali pasipostahili. Kuanzia sasa fundi akikuambia badilisha, muulize maswali mawili tu: umepima nini, na umeona nini? Kama hana jibu, mlipie soda umwage.

Tunayotaka si makubwa. Kwanza, kila darasa la pikipiki liwe na siku zake za alfajiri. Pikipiki ilale hapo hapo usiku, wanafunzi wafike saa kumi na mbili, injini iwe baridi. Kama usalama wa kutembea gizani ni shida, hasa kwa dada zetu, mafunzo yafanyike karibu na makazi yao. Pili, mwalimu aiharibu pikipiki kwa makusudi bila kusema: azibe jeti, alegeze mpira, aweke plagi iliyopanuka, atie maji kidogo kwenye bakuli. Mtihani uwe kuitafuta, na mwanafunzi aeleze njia aliyopita, si jibu tu. Tatu, fila geji iingie kwenye sanduku kabla ya ovaroli. Nne, mafunzo yatolewe kwa Kiswahili tunachokielewa sote, anayesema buji na anayesema plagi wakae benchi moja, na namba za kila aina ya pikipiki zibandikwe ukutani ambapo mtu yeyote anaweza kuzisoma, mwanafunzi ama asiye mwanafunzi.

Na tano, hili ni letu wenyewe, halihitaji mfadhili. Kila steji iwe na daftari moja. Pikipiki ikisumbua asubuhi, iandikwe: ililala wapi, petroli ilinunuliwa wapi, choki ilifanya nini, plagi ilikuwa na rangi gani, dawa ilikuwa nini. Baada ya miezi michache tutajua magonjwa ya pikipiki zetu kuliko mtu yeyote anayekuja na gari jeupe kutufundisha. Tutajua hata ni jerikeni ipi ina maji, tumwambie mwenyewe kwa adabu.

Mashirika mkitaka kutusaidia, njooni steji saa kumi na mbili asubuhi, kabla magari yenu hayajawashwa. Wenzetu wa Kyangwali, Kyaka na kwingineko, tuandikieni chini hapa: steji yenu ina fila geji? Nani anayo, na anaazimisha?